Uzi Mwekundu Kwenye Njegere

Jumamosi, 4 Mei

Nimehamia kwa dada! Mabegi bado yako mlangoni, mimi nimeshaingia bustanini na viatu vyangu vya ofisini. Udongo mweusi, laini. Karoti, vitunguu, maboga yaliyotambaa mpaka ngazi za jikoni — na njegere za marehemu shemeji zimeanza kushika vijiti. Alizipanda mwenyewe, wiki moja kabla hajatuacha.

Dada amekonda. Gauni lake amelibana kiunoni kwa pini. Anapika, anapakua, kisha anakaa kuitazama sahani mpaka chakula kipoe. Chai tu ndiyo inayopita.

Mwanawe, fundi umeme huko mjini, amenipigia simu. Mama mdogo, hali ikiendelea hivi mwezi wa sita namchukua, nyumba tunaifunga. Kuifunga! Bustani hii iwe pori? Nimemwambia dada atakula. Nimepania kabisa. Sijui nitafanyaje, ila nimepania.

Jumanne, 14 Mei

Karoti! Changa, tamu, nimezing'oa na kuzisuuza bombani, nikala mbili palepale na chembe za udongo. Zilizobaki nimepika supu, tangawizi kidogo. Dada akaonja kijiko kimoja. Akasema chumvi imezidi. Akaweka kijiko chini.

Mtu anayelalamikia chumvi hajakata tamaa ya kula. Nimefurahi mpaka nikaimaliza supu yote peke yangu, kwenye ngazi, nikiwa peku. Friji haina kitu na sijawahi kula vizuri namna hii maishani. Tatizo ni moja: lengo lilikuwa yeye anenepe, si mimi.

Dada ananiita Kiherehere, kama tulipokuwa wadogo. Leo kaniita hivyo mara mbili. Nahesabu hiyo kuwa ni dawa.

Jumatatu, 27 Mei

Njegere zimefunga maganda! Nilishakimbia na bakuli, dada akanishika mkono. Ngoja kwanza. Akatoa mfukoni kibunda cha uzi mwekundu.

Sikuijua hii desturi yao. Kila msimu shemeji alichagua mashina yaliyotangulia kuzaa, yenye maganda manene kuliko yote, akayafunga uzi mwekundu. Hayo hayaguswi na mtu. Yanaachwa yakauke palepale kwenye vijiti, ndiyo mbegu za mwakani. Mbegu zenyewe alizirithi kwa mama yake, hazikupitia dukani hata siku moja. Mwanawe alipokuwa mdogo alichuma ganda moja lenye uzi, shemeji akanuna mpaka kesho yake. Alikuwa akisema mtoto amekula bustani ya mwakani.

Dada alifunga mashina matano. Hakukubali nimsaidie. Akasema mengine yote ni yako, Kiherehere, pika unavyotaka.

Nitapika ninavyotaka!

Jumapili, 2 Juni

Nimepika ninavyotaka. Njegere na vitunguu. Njegere na viazi. Njegere na maziwa — hizi zilitoka vizuri mno, nililamba mwiko. Jikoni kumejaa maganda mpaka miguu inateleza.

Nimechuma zote. Zote! Kwenye vijiti zimebaki za uzi mwekundu tu. Dada alipoona bakuli akatabasamu kidogo, akasema aliyekupa jina hakukosea.

Lakini hakula. Alinusa, akasema zinanukia kama jikoni kwa mama mkwe wake, akasukuma sahani taratibu upande wangu. Nikazila huku roho inaniuma. Ni tamu na zinachoma.

Mwanetu kapiga simu. Jumapili ijayo anakuja na gari. Nimemwomba wiki moja zaidi. Akasema mama mdogo, nakupenda, lakini hapana.

Jumamosi, 8 Juni

Dada amepanga nguo zake ndani ya begi bila kuambiwa. Pini ya gauni imesogea tena.

Nimechuma boga kubwa kuliko yote. Kesho nalioka na asali. Sitaki kusikia lolote.

Jumapili, 9 Juni

Boga liko ovenini. Nimeenda kumwamsha dada — kitanda kimetandikwa, begi limesimama mlangoni, mwenyewe hayupo. Nimetafuta chooni, sebuleni, nyuma ya tangi.

Halafu nikamwona kupitia dirisha la jikoni. Amechuchumaa kwenye njegere. Nilidhani anaagana nazo.

Anakula!

Anapasua ganda kwa dole gumba, anazikokota njegere kwa ulimi, anatupa ganda, anachuma lingine. Mbichi. Haraka haraka, bila aibu, kama mtu aliyetoka safari na njaa yake. Gauni limejaa maganda. Wiki zote hizi na masufuria yangu yote, na dada yangu anakula!

Mkono ulikuwa umeshainuka kugonga kioo nimshangilie. Ndipo nikaona uzi mwekundu kwenye goti lake. Na mwingine begani. Anaufungua, anauweka pembeni, anakula.

Mashina matatu tayari yamebaki matupu. Sasa yuko kwenye la nne. Mbegu hizi hazipo kwingine. Zile nyingine zote nilizila mimi na vitunguu, mimi na kiherehere changu. Nikimwita ataacha, na akiacha sidhani kama ataanza tena. Nisipomwita, njegere za shemeji zinaisha leo.

Naandika nimesimama, daftari kwenye karai la vyombo. Boga linaungua, nasikia harufu yake. Gari linapiga honi kule kwenye kona.

La nne limekwisha. Amegeuka. Ameniona.

Hajashtuka hata kidogo. Mashavu yamejaa. Ameshika la tano, amechuma ganda, amelipasua katikati — nusu ameinyoosha kuelekea dirishani. Ananiita kwa mkono.

Mlango wa gari umefungwa, mtu anaita hodi. Dada bado ameinyoosha.

Natoka. Sijui naenda kumzuia au naenda kula.