Theluji ya Studio Yetu

Kabiria, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mama,

Natumai barua hii itakukuta umeketi, na kama umesimama, tafadhali tafuta kigoda kwanza. Sisi huku hatujambo. Mghoi anakula, anacheka, na amepanga upya vyombo vyangu hata kijiko changu sikipati. Wewe mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha Bibi? Ng'ombe amezaa au bado anatuchezea?

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Mama, simu ya dukani kwa Mama Saru inasikilizwa na foleni nzima ya wanunua sukari, na Baba Mdogo hakosi kwenye foleni hiyo hata siku ambazo hanywi chai. Ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii mkononi, imefungwa kwa gundi. Ukiona gundi imeguswa, nijulishe.

Nianze na binti yako. Tangu afike hapa hakuna anayemwita Mghoi. Mama Ciku, mwenye nyumba wangu, alisikia tu kwamba kuna mtoto anakwenda ng'ambo kusomea udaktari, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, sketi ameivuta juu ya goti.

"Daktari, angalia hii goti yangu. Inalia kama mlango."

"Mama, mimi hata sijaanza kusoma."

"Si unaanza? Anzia hapa."

Sasa wapangaji wa ploti nzima wanakuja. Juzi mama mmoja alileta mfuko wa dawa alizoacha marehemu mumewe, akiuliza kama bado zinafaa. Mghoi alikaa na mfuko ule mchana kutwa, akisoma maandishi madogo ya kwenye pakiti: hii itupwe, hii isinywewe pamoja na ile. Goti la Mama Ciku alikuwa amelitazama kwa adabu tu. Hilo nililiona.

Najua hata huko sasa unaitwa Mama Daktari, na kanisani umepewa kiti cha mbele. Silaumu mtu. Nataka tu ujue tulichokutana nacho mjini.

Tulikwenda kumwona Bwana Gathogo, yule wakala wa vyuo vya ng'ambo ambaye Baba Mdogo alituletea. Ofisi iko ghorofani, ina zulia, na soda ilifika kabla hatujaketi. Mtu akinipa soda kabla sijamwambia shida yangu, mimi huanza kuangalia mlango uko wapi.

"Mama yenu ni shujaa," akasema. "Nafasi za Urusi zimebaki mbili tu. Lile shamba la bondeni likiuzwa wiki hii, mtoto anaruka."

Mama, mimi sikumtajia shamba. Mghoi hakumtajia. Nikanywa soda.

Ukutani ametundika picha za wanafunzi wake, wote wamevaa makoti meupe. Akatuonyesha msichana mmoja anayetabasamu, nyuma yake miti imejaa theluji. "Huyu yuko mwaka wa tatu. Picha hii alitutumia akiwa kule kule, ametoka wodini."

Unajua kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti. Ambalo sijawahi kukuambia ni kwamba hapa mjini, mtoto akikaribia kwenda ng'ambo kusomea udaktari, huja kwanza studio kwetu, hapa River Road. Namvalisha koti jeupe la studio, namning'inizia kifaa cha kupimia moyo shingoni, nampiga picha ya udaktari ambao hajausomea, mama yake anaitundika sebuleni kabla ndege haijaondoka. Ni desturi. Watu hawawezi kungoja miaka yote hiyo ndipo wajivune. Wanaotaka mandhari ya baridi tuna pazia la theluji, lililochorwa na mpwa wa Mzee Suresh, tajiri wangu. Msimu wa mvua paa lilivuja juu yake, likabaki doa linalofanana na kuku aliyeatamia. Na kifungo cha tatu cha koti ni cha kahawia, nilikishona mimi kutoka shati langu la zamani.

Basi nikasogea ukutani. Kifungo cha kahawia kipo. Kuku yupo, juu kidogo ya bega la kushoto.

"Huko kuna baridi?" nikamuuliza.

"Baridi sana, kaka. Lakini wanazoea."

Nilitaka kuuliza kama kuku naye amezoea, nikajizuia. Nikaomba tu kuonana na wazazi wa yule msichana. Akasema mambo ya wanafunzi wake ni siri. Picha zao ziko ukutani, lakini wao ni siri.

Mghoi sikumwambia kitu. Najua mnavyosema kwamba mimi hata mvua naiuliza imetoka wapi. Tena mtu anaweza kudanganya kuhusu picha na mengine yakawa kweli; wako watoto waliokwenda kweli wakarudi madaktari kweli. Nikataka aone kwa macho yake. Kesho yake nikamwomba aniletee chakula kazini.

Mzee Suresh alipomwona tu akafurahi. "Karibu, binti! Wewe pia nataka picha ya daktari? Simama hapo." Akashusha pazia.

Mghoi akamtazama kuku. Akalitazama koti kwenye msumari, akashika kile kifungo. Halafu akanigeukia. "Kaka, kumbe Urusi iko nyuma ya River Road?"

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kicheko kile kilinisumbua, Mama. Mtu aliyenyang'anywa ng'ambo hacheki hivyo, hucheka hivyo aliyetuliwa mzigo. Nikashuku.

"Kuna kijana?"

"Angekuwepo ungekuwa umeshamhoji."

"Basi kuna nini?"

Akafunua kwanza bakuli la maharage aliloniletea. "Nataka famasia. Tangu mwanzo. Nafasi niliyopata chuo cha hapa bado ipo, wananingoja hadi mwisho wa mwezi huu. Lakini nikirudi nyumbani na famasia, Mama atarudishwa kiti cha nyuma."

Nimemshuku wakala, Baba Mdogo na hata dereva wa basi. Kumuuliza mtoto mwenyewe anataka nini, hilo halikunijia.

Hata hivyo sikuishia hapo. Nikamwambia, "Huyu umepata bahati, ni mwongo. Akija mwingine mkweli, mwenye chuo cha kweli, utamwambia nini?"

Akatafuna polepole. "Nitamwambia sitaki."

"Mwambie Mama hivyo hivyo."

"Mwambie wewe. Wewe una mdomo."

Ndiyo nakuambia. Famasia ni shule ndefu pia, na ngumu, na akiwa hapa utamwona kila likizo kwa basi moja. Shamba la bondeni ndilo linalotulisha mboga ya sukuma na nyanya hata wakati wa kiangazi. Tafadhali usitie sahihi ya kuliuza hiyo Jumamosi. Baba Mdogo anasema mnunuzi yuko tayari. Mnunuzi huyo ana jina? Nauliza tu. Na lile bonde, upande wa chini, limepakana na shamba la nani? Nauliza tena. Ukikosa la kumjibu Baba Mdogo, mwambie mwanao wa Nairobi anataka kumwona mnunuzi uso kwa uso, na atakuja na kamera.

Nisalimie Bibi, mwambie Mghoi amemtafutia dawa ya kifua na ameandika jinsi ya kuinywa, karatasi imo humu. Msalimie fundi anayeturekebishia mfereji, na mama wa kwaya aliyemwombea Mghoi. Baba Mdogo msalimie sana, na umtazame macho wakati unamsalimia.

Humu ndani kuna picha pia. Koti ni lile lile, maana hata wa famasia huvaa jeupe, ila nyuma nimeweka pazia la buluu tupu. Mghoi mwenyewe ndiye aliyekataa theluji. Itundike sebuleni. Na Jumapili ukifika kanisani, kaa kiti kile kile cha mbele. Wakikutazama, watazame.

Mwanao anayekuwaza,
Mwadime