Nafasi ya Nane

Alhamisi, saa kumi jioni

Dada yangu mpenzi,

Kabla hata sijakusalimu, ujue kwamba humu ndani kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si rafiki yangu wa darasani, wala yule mwalimu anayependa kutuambia kuwa mlango wake uko wazi. Nimelibeba siku kumi na mbili sasa. Nitalifikia, ila nivumilie, maana nikianza na zito kalamu inagoma.

Basi shikamoo. U hali gani huko kwenye mafunzo? Ile zamu ya wodi ya watoto bado inakuliza, au umeshazoea? Sisi huku wazima. Mgongo wa Mama umetulia tangu walipombadilishia kiti pale kiwandani kwa washonaji. Baba yuko vilevile kwa dobi, anapiga pasi mashati ya watu kutwa nzima, kisha anarudi na la kwake limekunjamana kama karatasi ya andazi, na Mama hachoki kumtania. Chumba chako nimekitunza vizuri. Nimehamishia vitabu vyangu tu, na viatu, na nguo kidogo.

Sasa habari za klabu ya karata. Ulipoondoka orodha ilikuwa moja, wote tumepangwa humo humo kama nguo kwenye kamba moja. Mwaka huu chama kikuu kimetuletea kitabu cha kanuni, kurasa arobaini, kwa lugha ile ya shuleni. Katibu, yule mfamasia mwenye sauti ya redio, alikigeuzageuza kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia, halafu akasema kuna mtoto hapa anasoma kwa lugha mbili, apewe yeye. Nikapewa, nikakitafsiri. Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani ndiye niliyekuwa mdomo wa klabu nzima, bila kuufungua.

Kanuni zenyewe si ngumu. Wachezaji wamegawanywa makundi matatu kwa umri, na mgawanyo huo niliuita rika. Kuna rika la watoto, mwisho miaka kumi na miwili. La vijana, mwisho kumi na mitano. Na la wakubwa, kuanzia kumi na sita mpaka uchoke mwenyewe. Fundi Saa, yule rafiki wa Baba, alicheka sana hapo. Alisema kwa hiyo yeye mwenye miaka sabini kasoro na kijana aliyeota ndevu jana ni marika, na aliomba nimtafutie kwenye kitabu rika la mababu. Sikulipata.

Kwa kuwa hatufiki hata arobaini, mezani tunachanganywa wote, mtoto anaweza kupangwa na mzee. Mkitoka sare ni alama moja moja, ukishinda unapata tatu, awe uliyemshinda ana miaka tisa au tisini. Lakini msimamo unabandikwa mlangoni kwenye karatasi tatu, kila rika lake, na wanane wa juu wa kila karatasi ndio wanaokwenda fainali. Mwaka ukigeuka na umri ukakuvusha, unahamia rika la juu na kuanza na sifuri. Alama zako za zamani haziendi nawe. Mimi mwezi wa kwanza navuka.

Hilo la sifuri ndilo lililoniponza.

Unajua Baba klabuni wanamwitaje. Miaka mitatu mfululizo ameishia nafasi ya tisa, basi hata watoto wadogo wanamwita Mzee wa Tisa. Anacheka nao. Ila nimemwona akirudi nyumbani baada ya msimu wa tatu, akakaa kitandani na viatu miguuni, akiitazama saa ya ukutani ambayo ilikuwa imesimama.

Siku ya raundi ya mwisho mambo yalikuwa hivi. Mimi nilikuwa wa pili rika la vijana, na hata nikifungwa hakuna wa kunishusha. Baba alikuwa wa tisa kwa wakubwa, kama kawaida yake. Wa nane alikuwa Fundi Saa, amemzidi alama mbili, na mchezo wake alikuwa ameshaupoteza. Baba akishinda anapita. Katibu akasoma majina ya waliopangwa, na Baba akapangwa na mimi. Watu wakapiga makofi mezani. Mmoja akasema leo Mzee wa Tisa atachapwa na mwanawe wa kumzaa. Baba akavuta kiti, akaniambia taratibu nisimwonee huruma.

Dada, nilimwonea.

Turufu ilikuwa kopa, na ree yake, karata inayokula zote, ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimehesabu karata zote zilizotoka, kama alivyonifundisha. Nikiishika mpaka mwisho, mfalme wa kopa wa Baba analiwa na mchezo unaelekea kuwa wangu. Nikajiambia, alama hizi mwezi wa kwanza zinafutwa, zangu hazina kazi, kwake ni mlima mzima. Baba akatupa karata ndogo, saba ya shupaza isiyo na kitu. Nikaila kwa ree. Waliosimama nyuma yangu waliguna, wakadhani ni pupa ya kitoto. Baba alimaliza mkono kwa mfalme wake, akashinda, na wakambeba mpaka mlangoni kuiona karatasi. Nikawafuata nyuma. Pembeni ya karatasi ile kuna nyingine, kwa mwandiko wangu, wino wa buluu. Kanuni ya kumi na nne: kila mchezaji acheze kwa nia ya kushinda, mchezo uliotolewa kama zawadi unafutwa. Niliitafsiri mimi mwenyewe. Nakumbuka nilifuta mara mbili nikitafuta neno zuri.

Siku za kwanza nilifurahi. Baba alikuwa anausimulia mchezo ule kila jioni, akipanga karata mezani moja baada ya nyingine, maana hasahau hata moja. Mama alishajua ile mikono yote kumi kama anavyojua njia ya kiwandani.

Jumanne Fundi Saa akapita nyumbani. Alikuja kumpongeza Baba na kumwazimisha saa yake ya mkononi ya kuvaa fainali. Akasema afadhali nafasi imekwenda kwa rafiki, kwa sababu kwake huu ndio msimu wa mwisho. Macho hayatofautishi tena kopa na uru, na saa za watu anazitengeneza kwa kupapasa. Alisema kwa utani. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya chai, nikairudisha jikoni kabla hajachukua kikombe.

Nilidhani natoa changu. Sikuona kwamba karatasi ile ni foleni, na ukimsogeza mtu mbele kuna mwingine unamrudisha nyuma. Mimi nitaanza na sifuri mwakani. Yeye hana mwakani.

Jana baada ya chakula Baba alipanga tena karata. Safari hii hakusimulia. Alifika kwenye ree ya kopa, akaiweka juu ya ile saba. Kisha akanitazama mimi, si karata.

“Mimi ndiye niliyekufundisha kuishika ree mpaka mwisho,” akasema. “Hii ndiyo sielewi.”

Nikamjibu kwamba watu waliosimama nyuma walinitia woga. Akasema sawa, akazikusanya karata, akaziweka ndani ya boksi bila kuzichanganya. Shati alilolipiga pasi kwa ajili ya fainali lilikuwa limetundikwa mlangoni tangu Jumapili. Leo asubuhi nimelikuta limekunjwa, limerudishwa kabatini.

Kinachonikata zaidi, Dada, ni kwamba huenda angenishinda kwa nguvu zake mwenyewe. Sijui. Yeye pia hajui, na ni mimi niliyemnyima kujua. Keshokutwa ni Jumamosi. Akienda, anakwenda na kiti cha mtu. Nikisema, watamwita tena lile jina, na safari hii atakuwa amelipata kwa mkono wangu. Nimegeuza huku na huku na sijaona njia ya tatu.

Nisalimie wenzako wa bweni, hasa yule anayekoroma. Mama anasema ule, usiwe unakunywa chai tu. Mimi niombee mdomo.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya

Nimesikia lango. Ni Baba, namjua anavyoburuza mguu wa kushoto akishasimama kutwa. Nilikuwa nimeshavuta kitabu cha jiografia niifunike karatasi hii. Nimekirudisha kilipokuwa. Yuko koridoni, anavua viatu. Naisogeza upande wake wa meza, na kalamu naiacha juu yake. Ukikuta hapa chini mwandiko usio wangu, ni wake.