Udongo Katika Chupa ya Dawa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Raghad Athman. Umri: miaka 31. Kazi: fundi wa maabara. Makazi: Junda, Kisauni. Tarehe: 12 Machi 2025.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nafanya kazi maabara moja ya kibinafsi, Kiembeni. Twachukua jeni kutoka damu ya mbwa, twaipandikiza ndani ya bakteria, nao wanatutengenezea protini inayouamsha mwili wa mbwa upigane na maradhi. Ni dawa ya mbwa, afande, si kitu kingine. Anayetuoshea vyombo ni mama yangu mdogo, Mwanatabu Bwanaheri, miaka 63. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, na leo najuta.

Mnamo tarehe 11 Machi, asubuhi, Kefa Mutiso, mtunza mbwa wetu, alikuwa akimdunga mbwa dawa hiyo. Mbwa akaruka, sindano ikamchoma Kefa mkononi. Haukupita muda, wote wawili wakawa wanatetemeka. Mbwa akafa. Kefa yuko hospitali, na hadi sasa hajazungumza.

Mlinzi, Garama, akapekua mikoba yetu. Mkoba wa mama mdogo ulikuwa na udongo uliofungwa kitambaa cheusi. Akapiga ukelele: "Mchawi huyu hapa!" Yarabi toba! Huku kwetu neno hilo limeshaua wazee. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa nalo.

Wallahi si uchawi. Chombo kilichoguswa na mbwa, Waislamu twakiosha mara saba, moja kwa udongo. Polisi walipokuwa wakimchukua nilimuuliza udongo ule ni wa nini. Akasema, "Ni najisi, mwanangu. Ningeachaje?" Chupa za dawa alizoziosha hivyo huchemshwa baadaye, na bakteria wa udongo hufa, lakini sumu yao haitoki kwa mvuke. Nimeyapima masalio ya dawa ile. Sumu hiyo imo.

Afande, naogopa. Nikiingia hapa kituoni leo, langoni palikuwa na vijana wengi, wengine wameshika mawe. Mmoja aliniuliza, "Yule bibi anatoka saa ngapi?" Nikampita, nikaja moja kwa moja kwako. Nawaomba, hata mkimwona hana kosa, msimtoe leo kwa lango la mbele.

Haya niliyoyasema nimesomewa, nami nimeyakubali kuwa ni kweli.

(Sahihi) Raghad Athman

Ofisa: Yameandikwa nami, Konstebo Valarie Mueni, kuanzia saa nane na nusu hadi saa tisa na nusu alasiri. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliomba kumwona mama yake mdogo. Niliuliza kaunta. Mwanatabu Bwanaheri aliachiliwa kwa dhamana saa tisa. Alitoka peke yake, lango la mbele.