Mfini Aliyeketi Nasi Kando ya Barabara

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Bibi yako goti limepona, anakwenda kanisani bila fimbo, na kila anayekutana naye anamwambia kwamba unacheza mpira Uturuki.

Umeniuliza utaachaje kuwa mgeni kwenye timu yako. Miaka ile nikinunua nguo za biashara Guangzhou, China, Jumapili wafanyabiashara wa Kiafrika tulicheza mpira. Akajiunga nasi Yari, kiungo kutoka Ufini aliyeachwa na klabu yake pale mjini. Tulimwita Mfini tu.

Siku moja msako wa pasipoti ukatukuta uwanjani. Tulikuwa tumeziacha hotelini, tukaketishwa kando ya barabara kungoja ziletwe. Mfini, kwa kuwa ni Mzungu, hakuulizwa kitu. Polisi alimwashiria aende zake. Akaja akaketi katikati yetu.

"Nenda, wamekuruhusu," nikamwambia.

"Mechi haijaisha," akajibu.

Tukacheka, hata polisi mmoja akacheka. Pasipoti zilipofika tukarudi kucheza, na kila mtu akawa anaita, "Yari, nipe!" Mwaka uliofuata alipata klabu nchi nyingine, akaja kutuaga mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake.

Wasalimie wenzako, Neema, kwa majina yao.

Babu yako akupendaye