Kitambaa cha Mashine ya Karatasi

Musoma, Jumanne. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na hayataki kunyesha. Bora yangenyesha, nikalia humo humo bila mtu kujua.

Kiwanda kimefungwa leo. Kilichotuponza ni kitambaa nilichokifuma mimi.

Niseme kwa utaratibu, maana kichwa kimechoka. Mimi nasafisha vyoo na sehemu ya kunawia kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Zamani tulikuwaga na taulo moja ukutani. Wakata samaki wote wanafutia hapo, jioni naifua, asubuhi inarudi. Upele ukimpata mmoja, wiki haiishi wote wanajikuna. Wanunuzi wa Ulaya wakasema taulo hiyo basi. Kila mtu akaushe mikono kwa karatasi yake, tena asiguse chochote. Mwenye kiwanda akaleta mashine. Walituambia unakinga mikono chini yake, inanguruma kidogo, inakutolea karatasi. Inakula betri kama redio.

Ni kitu kizuri, sitasema uongo. Lakini sisi ni watu wa foleni za sabuni, miaka ile maduka yalipokuwa matupu. Nimefua kwa majani ya mpapai mimi, na sijasahau. Sasa mambo ni ruksa, maduka yamejaa, ila ukinipa karatasi nyeupe, nene kuliko ya daftari la mwanangu, uniambie nifutie maji halafu niitupe, naona unanitania. Na zikiisha, nyingine mpaka ziagizwe Nairobi.

Kwa hiyo Mafuru, msimamizi wetu, akaamua mashine ni ya wageni. Akatoa betri, akazifungia kwenye kabati lake. Akaniambia mimi nina mkono mzuri wa kufuma, niifumie kitambaa isishike vumbi. Nikaifumia. Uzi mweupe, maua pembeni, kama kile kinachofunika redio yangu nyumbani. Kila Jumamosi nilikifua nikakipiga pasi. Wanawake tukaendelea kufutia aproni na kanga, na upele wetu.

Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu nani anakunywa chai ya kila siku kwenye vikombe vya kabatini?

Leo mkaguzi kaja. Mzungu mrefu, na ofisa kutoka Dar wa kumtafsiria. Mafuru alikuwa amesharudisha betri tangu alfajiri. Mzungu akasimama mbele ya mashine, akaitazama weee. Akainua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, kama anainua mkia wa panya. Akaifungua mashine. Karatasi ilikuwa imeviringishwa vile vile kama ilivyotoka kwenye boksi, haijachanwa hata moja.

Ofisa akasema, "Anauliza, hiki kitambaa nani anakigusa?"

Mafuru akaangalia chini. Mimi nikadhani tunasifiwa. Nikasogea mbele, nikapiga goti kidogo.

"Mimi, bwana. Nakifua mwenyewe kila wiki."

Ofisa hakutafsiri upesi. Alinitazama kwanza, kwa huruma, na hapo nikajua hatusifiwi.

Mchana tukatangaziwa. Ruhusa ya kuuza nje hatukupata, twende nyumbani, tutaitwa. Tutaitwa! Shemeji yangu aliambiwa hivyo hivyo kazini kwake, mpaka leo anasikilizia. Mume wangu yuko kambi ya wavuvi, kisiwani Rukuba, na kinachofika hapa kutoka kwake ni salamu. Mama yangu yuko Mugeta, kifua kinambana, dawa anangoja kwangu. Mwanangu Neema anangoja ada ya shule kwangu. Wote walikuwa wananing'inia kwenye mshahara huu mmoja.

Mafuru hakunilaumu. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Afadhali angenitukana.

Wageni walipoondoka, Nyangeta, mkata samaki, rafiki yangu wa miaka yote, akanawa, akakinga mikono chini ya mashine. Ikanguruma, ikatoa. Akashtuka, akacheka mpaka akashika ukuta. Basi na sisi tukapanga foleni, kama ile ya sabuni, kila mtu zamu yake. Ndiyo mara yetu ya kwanza kuitumia. Lakini hata mmoja hakufutia hiyo karatasi. Kila mtu aliikunja karatasi yake vizuri akaitia kifuani, mikono akafutia kanga.

Kesho mwili utaamka alfajiri kwa mazoea, na hautakuwa na pa kwenda.

Kitambaa nimerudi nacho, Mafuru alinipa bila kuniangalia. Nimekifua tena. Karatasi yangu nimeiweka kabatini, pamoja na vikombe, nikaifunika nacho.

Sasa sijui namtunzia mgeni gani.