Umezima?

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua karakana. Miezi minne ilikuwa imefungwa. Chaja palepale mezani, vumbi tupu. Miwani ya kinga ya kaka kwenye msumari — siku ile hakuivaa, nami sikumkumbusha. Nimepaka chokaa ukutani pale asidi iliporuka. Madoa bado nayaona.

Dereva wa teksi kaleta betri, gari haliwaki. Nikafuata alivyotufundisha marehemu baba: mlango wazi, gesi itoke. Chaja imezimwa. Klipu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ndipo uwashe. Nikaigusa swichi mara tano hadi dereva akauliza kama ni mbovu. Nikasema ndiyo. Nikakaa kwenye kile kiti changu. Kinalia vilevile ukikaa, kinalia ukinyanyuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisikia. "Umezima?" — sauti ya kaka, nyuma ya bega langu. Mchana kweupe. Nimegeuka, hakuna mtu. Kaka yuko nyumbani kalala, macho yote mawili hayaoni.

Sheria ya baba: anayetoa klipu lazima aulize, na anayejibu awe ameshika swichi. Siku ile nilijibu "Nimezima" nikiwa kitini na kikombe cha chai, mbali na swichi. Nilidhani nimeshazima. Kaka akavuta klipu. Cheche moja tu, betri ikapasuka usoni mwake.

Alhamisi, 6 Machi

Mama anasema kaka anawaambia watu wote kwamba kosa ni lake, alisahau kuuliza. Maskini, eti pengine mshtuko umemfutia kumbukumbu. Nami nikaendelea kula. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka kaja! Mama kamshika mkono, kamwacha hapa, kaenda zake. Anasema amechoka kulala kama gunia, anataka kazi. Nikamvalisha miwani. Akacheka: "Sasa hivi ya nini, mdogo wangu?" Lakini akaiacha usoni. Akaipapasa betri iliyokuwa kwenye chaja. "Hii nene chanya, hii nyembamba hasi. Vidole vinajua." Akashika klipu. Akauliza, "Umezima?"

Nilikuwa kitini. Nikanyanyuka. Nikazima, nikachomoa plagi ukutani, nikamwekea kiganjani. Akaipapasa.

"Leo kiti kimelia," akasema.

Nikavuta daftari.

"Siku ile nilikuuliza, ukajibu. Kiti hakikulia. Nikavuta hivyohivyo — nilijiambia, mdogo wangu hawezi kunidanganya."

Kumbe hakusahau chochote. Miezi minne yote amenifichia!

Nimemwambia angoje kidogo, naandika vipimo vya betri. Amekaa mbele yangu, plagi bado iko mkononi mwake. Anasikiliza kalamu.

"Vipimo vya leo virefu," anasema.

Naendelea kuandika. Nikiacha, itabidi niseme.

"Andika, usiharakishe. Ukimaliza nisomee."