Nyusi Zangu Zinahama Kwenye Picha ya Mume Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako huku nikiwa na furaha isiyo na mfano, maana niliolewa wiki sita zilizopita na mwanamume ambaye akiniita tu "mke wangu" nasahau hata jina langu, na kazi yake ni kuchora picha za watu, tena hanakili picha za simu, mtu huketi mbele yake siku kadhaa, na nyuso za bandia hazitaki kabisa, mteja akija na poda anamwonyesha bomba, "Kaoshe hiyo chokaa, dada, mimi nachora watu, sipaki kuta."

Sasa ananichora mimi, kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi, na picha ameipa jina "Uso wa Asili", na wateja anawaambia, "Mtazameni mke wangu, hajui hata kope za bandia zinauzwa wapi," nami moyo unayeyuka kwa mapenzi huku nikiishi kwa hofu, kwa sababu, mshauri, mimi sina nyusi. Nilizinyoa nikiwa kidato cha tatu kufuata mtindo, zikagoma kuota, tangu hapo nazichora kwa wanja, na siku hizi ni kila alfajiri kabla mume wangu hajaamka, na kwa kuwa mkono hauwi sawa siku zote, leo zinakaa juu kesho chini, naye maskini amezifuta na kuzirudia mara saba kwenye turubai, akihema kwa mahaba, "Mpenzi, nyusi zako zina uhai, zinacheza na mwanga!"

Juzi wifi yangu alisukuma mlango wa bafu nikiwa nimemaliza upande mmoja. "He! Wifi, na unyusi wa pili umesafiri?" Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akakaza uso. "Kaka yangu ataaibika mbele za watu. Mwambie kabla ya Jumamosi, la sivyo nitamwambia mimi." Nikimwambia, je, atanipenda bado? Sitaki kupoteza penzi tamu namna hii.

Bibi Harusi Mwenye Hofu

JIBU

Bibi harusi, pole. Sasa tulia nikuseme.

Ndoa ya wiki sita, na tayari una zamu ya alfajiri kama mlinzi! Utaamka hivyo mpaka lini, mpaka upate wajukuu? Siku ukilala na homa, nani atakushikia wanja? Unasema penzi ni tamu, lakini unalila ukiwa umeegemea mlango usifunguliwe.

Na huyo bwana wako, loo! Bingwa wa asili, anayewaliza wanawake wa watu kwa chembe ya poda, ameketi hatua mbili kutoka kwenye nyusi zinazohama kama kuku asiye na banda, akaziita uhai. Mara saba! Fundi mwingine angejiuliza mara ya pili. Hakukutazama, mwanangu, alitazama mke aliyemtunga kichwani, na wewe ukamsaidia kumtunga.

Wifi yako mshukuru. Ulimi wake una pilipili, lakini amekupa muda. Wengine wangekwishatangaza mtaa mzima.

Fanya hivi, na ufanye leo. Akishamaliza kunywa chai, osha uso mbele ya macho yake, ujifute, kisha ukaketi kwenye kiti cha kuchorewa. Mwambie, "Mume wangu, nyusi zilikuwa za wanja. Huyu ndiye mimi." Usilie, usimlaumu mtu, usiongeze neno. Akicheka, cheka naye. Akishtuka, mwache ashtuke, mshtuko haujawahi kuvunja nyumba. Bado ana siku za kuichora picha upya, na safari hii hatakuwa na cha kufuta.

Lakini akikufokea kwamba mtu mwenye heshima hawezi kupaka uso rangi akauita wa asili, muulize kwa upole kabisa yeye anakula kwa kazi gani.